Mwanga Unaopotea Kitambaani

Jambo moja husemwa mara nyingi sana mahali panapopigwa filamu: kitambaa kinakula mwanga. Taa imewashwa, mwigizaji anaonekana vizuri, ila kivuli cha pua yake kimekuwa kikali na paji la uso linang'aa kupita kiasi. Mpigapicha anataka mwanga ulainike. Fremu iliyotandazwa kitambaa cheupe inasimamishwa mbele ya taa, vivuli vinalegea, na papo hapo picha nzima inafifia. Ukiona hivyo ni rahisi kuamini kwamba kitambaa kimemeza sehemu ya mwanga, kwamba kizito kinameza zaidi na chepesi kidogo, na kwamba anayetaka ulaini hana budi kukodi taa kubwa zaidi. Imani hii ina chembe ya ukweli, lakini inawapotosha watu katika jambo linalowagusa mfukoni. Sehemu kubwa ya mwanga unaoonekana kupotea haijaliwa na chochote. Imerudi ilikotoka, au imekwenda pembeni ambako hakuna anayeihitaji. Upungufu unaoonekana usoni mwa mwigizaji hausababishwi na kitambaa peke yake. Unatokana pia na aina ya taa iliyo nyuma yake, umbali wa pande zote mbili, na kuta zilizo karibu. Anayelijua hilo anaweza kuudai mwanga wake, na mara nyingi akaupata bila kuongeza hata wati moja.

Hoja hii naiweka Machakos kwa makusudi. Mji huo uko kilomita 60 na ushei kusini-mashariki mwa Nairobi, na kwa miaka kadhaa umetajwa katika ndoto za filamu za Kenya. Alfred Mutua, gavana wa kwanza wa kaunti hiyo kuanzia 2013 hadi 2022, aliingia katika siasa za uchaguzi akiwa tayari amejulikana kwa tamthilia ya Cobra Squad, na ni chini ya utawala wake ambapo jina la Machawood lilianza kusikika, kwa nia ya kuifanya kaunti kuwa makao ya filamu. Mpango huo ulifika wapi ni mjadala mwingine. Hapa kinachonihusu ni kazi zinazofanywa na vijana wenye kamera moja na taa moja au mbili: video za benga ya Kikamba, vichekesho vya mtandaoni, filamu fupi, harusi zinazorekodiwa kwa ustadi wa filamu. Katika kazi za namna hiyo, kitambaa cha kitaalamu kinachouzwa kwa roli ni anasa, na mahali pake hushikwa na shuka jeupe, shashi, pazia la bafuni au karatasi ya kuokea. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachouzwa kikiwa na namba ya kueleza kinapitisha mwanga kiasi gani. Ndiyo maana mtu wa taa wa Machakos ana sababu kubwa kuliko mwenzake wa Hollywood ya kuelewa kinachotokea mwanga unapokigonga kitambaa.

Yapo mambo matatu tu yanayoweza kutokea. Mwanga unaweza kufyonzwa na kugeuka joto, unaweza kurudishwa ulikotoka, au unaweza kupenya. Ule unaopenya nao una njia mbili: kuendelea moja kwa moja kana kwamba hapakuwa na kitu, au kutawanyika kila upande. Vitu vyote vinavyowekwa mbele ya taa kwa kazi hii, ambavyo watu wa taa huviita difyusheni, hutofautiana kwa namna vinavyougawa mwanga katika mafungu hayo. Fungu linalosahaulika ni la mwanga unaorudishwa. Kitambaa ni cheupe kwa sababu kinarudisha mwanga wa rangi zote na kufyonza kidogo sana. Kama kingekuwa kinaufyonza kwa wingi, kingeonekana kijivu au cheusi. Anayetaka ushahidi asimame upande wa taa badala ya upande wa mwigizaji, atazame kitambaa kinavyong'aa huko nyuma, na jinsi ukuta ulio nyuma ya taa ulivyopata mwanga ambao haukuwapo kabla fremu haijawekwa. Kampuni ya Lee ya Uingereza, ambayo imekuwa ikitengeneza vichujio vya mwanga tangu 1967, inaandika kwamba karatasi yake maarufu namba 216 hupitisha asilimia 36, yaani inapunguza stopu moja na nusu hivi, kila stopu ikiwa ni kupungua kwa nusu. Namba 250 hupitisha asilimia 60, na namba 251 asilimia 80. Ukisoma asilimia 36 ni rahisi kudhani kwamba asilimia 64 imeungua. Kwa kweli sehemu kubwa ya hiyo 64 imerudi nyuma ikiwa nzima, na inasubiri mtu wa kuitumia.

Namba za kiwandani zenyewe zinahitaji kusomwa kwa uangalifu, na hesabu ndogo itaonyesha kwa nini. Tuchukue taa ya LED inayotoa lumeni 10,000 (lumeni hupima mwanga wote unaotoka kwenye taa), kiasi ambacho taa nzuri ya wati 100 hivi inaweza kukitoa. Tuifunge kiakisi kinachokusanya mwanga wote ndani ya pembe ya nyuzi 55. Uso ulio mita 3 mbele yake utapata luksi 1,560 hivi, luksi ikiwa kipimo cha mwanga unaoufikia uso huo. Sasa tuweke mbele ya taa kitambaa kinachopitisha nusu kamili ya mwanga na kuutawanya vizuri kila upande. Kwa kuwa kinapitisha nusu, mtu angetarajia luksi 780. Mita ya mwanga itasoma kama 175. Mwanga umepungua karibu mara tisa, zaidi kidogo ya stopu tatu, na kitambaa chenyewe kinaweza kulaumiwa kwa stopu moja tu kati ya hizo. Zile nyingine mbili zimetokana na kutawanywa: mwanga uliokuwa umebanwa ndani ya pembe nyembamba sasa umesambaa mbele yote, kwenye sakafu, dari na kuta za pembeni. Tuvue kiakisi, taa ibaki na kitako chake kitupu ambacho tayari kinamwaga mwanga kila upande wa mbele. Bila kitambaa uso utapata luksi 350 hivi. Pakiwa na kitambaa, 175 zile zile. Kitambaa ni kile kile, umbali ni ule ule, lakini mbele ya taa ya kwanza kimepunguza stopu tatu na mbele ya ya pili stopu moja. Hapo swali la kitambaa hiki kinakula kiasi gani linakosa jibu mpaka uambiwe kimewekwa mbele ya taa gani.

Mtu anayeamini majedwali anaweza kupinga na kusema kwamba viwanda vina maabara na wataalamu, na kwamba haiwezekani mpigapicha mwenye mita ya mkononi awasahihishe. Hoja hiyo ni ya haki, na jibu lake ni kwamba jedwali halijakosea. Linajibu swali lake lenyewe: kati ya mwanga wote uliokifikia kitambaa, ni kiasi gani kilitokea upande wa pili kwa njia iliyochaguliwa na aliyepima. Kukusanya mwanga wote uliopenya, hata uliokwenda pembeni, kunatoa namba moja. Kupima ule uliokwenda mbele tu kunatoa namba nyingine, na hazihitaji kufanana. Jedwali linafaa sana kulinganisha karatasi moja na nyingine za kiwanda kile kile. Halifai kukuambia uso wa mwigizaji wako utapata luksi ngapi, maana aliyelitunga hakuijua taa yako wala chumba chako.

Chumba kinaingia katika hesabu kwa njia ambayo wengi hawaitarajii. Ile nusu ya mwanga iliyorudishwa na kitambaa inakwenda wapi? Fremu ikiwa wazi, inakwenda nyuma ya taa na kuishia popote. Taa ikifungiwa ndani ya boksi lenye kuta nyeupe au za rangi ya fedha, mwanga uliorudi unaligonga boksi, unarudishwa tena kitambaani, nusu yake inapenya, inayobaki inarudi tena, na mzunguko unaendelea. Tuseme kuta za boksi zinarudisha asilimia 80. Ukijumlisha mizunguko yote, kitambaa kile kile kilichokuwa kikipitisha asilimia 50 sasa kinatoa asilimia 83 ya mwanga wote wa taa. Boksi la kadibodi lililobandikwa karatasi nyeupe au foili ndani linafanya kazi hiyo pamoja na taa ya LED isiyopata moto mwingi, na gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kukodi taa ya pili. Mwanga huu unaorudi una madhara yake pia. Katika chumba chenye kuta nyeupe utaruka hadi upande wa pili wa uso na kujaza kivuli ambacho mpigapicha alitaka kibaki. Katika nyumba ya matofali mekundu ya udongo wa Ukambani yasiyopigwa lipu, utarudi ukiwa na wekundu wa matofali, na ngozi itaonekana yenye joto upande mmoja kuliko mwingine. Wapo wanaoulaumu ubora wa taa zao kwa sababu ya rangi hiyo, ilhali imetoka ukutani.

Umbali una pande mbili, na kila upande una kanuni yake. Upande wa kwanza ni kati ya taa na kitambaa. Wengi huisogeza taa hadi karibu kuligusa shuka wakidhani wanaokoa mwanga. Ikiwa mwanga wote ulikuwa tayari unaangukia ndani ya fremu, hawaokoi chochote: lumeni zinazopita ni zile zile, ila sasa zinatoka kwenye duara dogo lenye kung'aa katikati ya kitambaa, na ulaini umepungua. Ile taa yetu ya nyuzi 55, ikikaa mita 1 nyuma ya fremu, hutandaza duara la kipenyo cha mita 1 na kidogo, ambalo linaijaza vizuri fremu ya mita 1.2 kwa 1.2. Ikirudishwa mita 2, duara linakuwa na kipenyo cha zaidi ya mita 2, na zaidi ya nusu ya mwanga inapita nje ya fremu. Kwa hiyo mahali pazuri pa taa ni pale ambapo mwanga unakijaza kitambaa bila kumwagika. Upande wa pili ni kati ya kitambaa na uso. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, ingawa chanzo kikiwa kipana na kikiwa karibu kanuni hiyo hulegea kidogo. Fremu yetu ikisogezwa kutoka mita 3 hadi mita 1.5, zile luksi 175 zinapanda hadi 630 hivi, na kwa kuwa fremu sasa ni kubwa zaidi machoni pa mwigizaji, mwanga umezidi kulainika. Ni nadra katika kazi hii kupata vitu viwili kwa pamoja bila kulipia.

Vitambaa vya dukani havifanani, na kosa kubwa ni kuvihesabu vyote kuwa difyusheni. Neti ya mbu ni mashimo mengi yaliyozungukwa na nyuzi nyembamba. Mwanga mwingi hupita mashimoni moja kwa moja bila kubadili mwelekeo, na uliobaki huzuiwa na nyuzi. Neti kwa hiyo hupunguza mwanga bila kuulainisha kwa kiasi cha maana, na hiyo ni kazi inayoheshimika pia: watu wa taa wana neti zao nyeusi zilizotengenezwa kwa lengo hilo, moja ya kupunguza nusu stopu na nyingine ya stopu nzima. Shashi nyepesi iko katikati, sehemu ya mwanga ikipita moja kwa moja na sehemu ikitawanyika, ndiyo maana kivuli chake huwa na ukingo mkali ndani ya ukingo laini. Shuka zito la pamba hutawanya karibu mwanga wote, na hurudisha nyuma mwingi zaidi. Pazia la bafuni la plastiki lenye ukungu hupitisha vizuri lakini halitawanyi kwa upana, hivyo taa inaonekana nyuma yake kama doa. Shuka lililokaa sana limegeuka manjano, na hapo kweli kuna kula: rangi ya samawati inafyonzwa. Kuhusu joto niseme kwa mkazo: plastiki na nailoni hazifai kuwekwa karibu na taa ya tangsteni wala ile halojeni ya ulinzi inayotundikwa nje ya majengo. Kuyeyuka ni jambo dogo. Moto ni jambo kubwa.

Mpaka hapa nimezungumzia taa, lakini taa kubwa kuliko zote Machakos ni jua. Mji uko nyuzi moja na nusu kusini mwa ikweta, mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Katikati ya Machi na tena mwishoni mwa Septemba, jua hupita karibu utosini kabisa, na kwa kuwa saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa mstari ulio mashariki zaidi, kilele chake hapa hufika kama saa sita na nusu mchana. Saa hiyo macho ya mwigizaji yamezama gizani chini ya nyusi zake, huku uwanja ukipata luksi 100,000 au zaidi. Dawa inayotumika ni kitambaa kikubwa juu ya kichwa, na hapa hesabu ya umbali ina uzito wa ajabu. Kitambaa cha mita 3.6 kwa 3.6, kinachopitisha nusu, kikiwa mita 1.5 juu ya kichwa, kitampa mwigizaji luksi 32,000 hivi. Kikiinuliwa hadi mita 4 juu ili kisionekane kwenye picha, atapata 10,000, bila kuhesabu mwanga wa anga unaoingia kando. Hakuna uzi ulioongezwa kwenye kitambaa, lakini upungufu umetoka stopu moja na nusu hadi zaidi ya tatu. Na nyuma yake kilima cha Iveti kinaendelea kupigwa na jua zima, hivyo uso ukirekebishwa kilima kinaungua kuwa cheupe. Kwa sababu hiyo nje mchana ninapendelea kitambaa chepesi kuliko kile ambacho ningekitumia ndani, hata kama kinaacha kivuli kidogo. Upepo wa nyanda za Athi na Kapiti unatoa sababu nyingine ambayo haihitaji hesabu: mita za mraba 13 za kitambaa zisizofungwa vizuri zinaweza kumwumiza mtu.

Kutandaza nguo chini ya jua si ubunifu wa wasio na uwezo, kama inavyodhaniwa. Georges Méliès alipojenga studio yake Montreuil, karibu na Paris, mwaka 1897, aliijenga kwa kuta na paa la vioo, vingi vikiwa vya ukungu, akaweka na vitambaa vyepesi vya kuzuia jua lilipozidi. Filamu zilianza maisha yake kwa jua lililochujwa. Machakos ina chujio lake la asili pia. Kuanzia Juni hadi Agosti, asubuhi nyingi huamka chini ya mawingu mazito ya msimu wa baridi, na mwanga wa nje hushuka hadi luksi 10,000 au 20,000, yaani stopu mbili hadi tatu chini ya jua kamili. Tofauti na fremu ya mita 3.6, wingu linafunika mwigizaji na kilima kwa pamoja, hivyo uwiano wao haubadiliki. Timu isiyo na kitambaa kikubwa ingefaa kupanga matukio ya nje ya mazungumzo marefu katika miezi hiyo, na kuacha Januari na Februari kwa matukio yanayotaka jua kali.

Sasa nifike kwenye sababu inayonifanya nijali zaidi. Hesabu zote za luksi hupima mwanga unaoufikia uso. Hazisemi uso unafanya nini nao. Ngozi hurudisha mwanga kwa njia mbili. Sehemu moja huingia ndani, hukutana na rangi ya ngozi, na hutoka ikiwa imetawanyika. Sehemu nyingine, asilimia chache tu, huruka juu ya uso wa ngozi bila kuingia, kama inavyoruka juu ya maji. Kwenye ngozi nyeusi sehemu ya kwanza ni ndogo, kwa hiyo ile ya pili inabeba kazi kubwa ya kuonyesha umbo: ukingo wa shavu, mteremko wa pua, mfupa wa taya. Ushahidi mzuri uko Wamunyu, mashariki mwa Kaunti ya Machakos, ambako uchongaji wa Wakamba unaojulikana duniani ulianzia baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ukihusishwa na Mutisya wa Munge aliyekutana na wachongaji wa Kizaramo Tanganyika. Chukua kinyago cha mpingo kilichosuguliwa vizuri. Chini ya taa tupu utaona doa moja jeupe linalochoma macho, na kinyago kilichobaki ni weusi usio na umbo. Chini ya kitambaa kipana, doa linageuka kuwa utepe mrefu wa mwanga unaofuata kila mkunjo aliouchonga fundi.

Namba zinaeleza kwa nini. Kiakisi cha taa yetu kina kipenyo cha sentimita 15 hivi, na mwanga uliotandazwa kwenye fremu una kipenyo cha mita moja na kidogo. Mwanga unaoufikia uso umepungua karibu mara tisa, lakini mng'ao wa chanzo chenyewe, ambao ndio unaoakisiwa na ngozi au mpingo, umepungua zaidi ya mara 400. Ukifungua lenzi stopu tatu kurudisha ulichopoteza, doa lile bado litakuwa dhaifu kama mara 48 kuliko lilivyokuwa, na litakuwa limesambaa mahali pakubwa kwa kiasi hicho hicho. Ndiyo kusema, anayewapiga picha watu weusi na kukataa kitambaa kwa hofu ya kupoteza stopu tatu anaokoa mwanga ambao ngozi ilikuwa inautupa, sehemu kwenye doa lililoungua na sehemu kwenye giza. Mita haimwonyeshi hivyo, na hapo ndipo mita inapohitaji kusaidiwa na jicho.

Kuna watakaosema kwamba mjadala wote huu umepitwa na wakati, kwa kuwa kamera za leo zinaona gizani. Blackmagic Pocket 6K, kwa mfano, ina viwango viwili vya asili vya ISO, 400 na 3,200, na kutoka kimoja hadi kingine ni stopu tatu, kiasi kile kile ambacho kitambaa kilitunyang'anya. Nakubali kwamba usiku, ndani ya chumba kilichofungwa, kamera hiyo imeondoa nusu ya tatizo. Lakini ISO hukuza kila kitu kilichomo kwenye picha. Chumba kikiwa na dirisha linalotazama uwanja wenye luksi 100,000, mwigizaji mwenye luksi 175 yuko stopu tisa chini ya uwanja huo, na hakuna kiwango cha ISO kitakachowasogeza karibu. Kinachobadilisha uwiano ni kupanga upya mwanga: kusogeza kitambaa, kufunga boksi, au kutandaza kitambaa chenyewe dirishani kiwe taa. Jicho, kwa upande wake, halifai kuaminiwa peke yake katika jambo hili, kwa sababu huzoea giza na mwanga bila kukujulisha. Pale Kyamwilu, nje kidogo ya mji, watu humwaga maji barabarani na kuyaona yakipanda kilima, na macho yao hayana ugonjwa wowote. Yamekosa tu mstari wa kulinganishia. Mtu wa taa hupata mstari wake kwa kupima mara mbili mahali pale pale uso utakapokuwa, kabla ya kuweka kitambaa na baada ya kukiweka.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la kisanii. Jua la Ukambani ni kali, husema wengine, na filamu inayolilainisha kila mahali inaidanganya nchi yenyewe; ukame hauna mwanga laini. Hapo sina ugomvi nao. Tukio la mama anayetafuta maji kwenye mto mkavu lina haki ya kivuli kikali, na mpigapicha anayelichagua jua tupu kwa kulijua anafanya kazi yake. David Watkin, aliyepata Oscar kwa upigaji picha wa Out of Africa, filamu ya 1985 iliyopigwa Kenya, alikuwa miongoni mwa walioanza mapema kutumia mwanga wa kurudishwa badala ya taa za moja kwa moja, na hakuna anayeweza kusema filamu ile inaficha jua la nchi hii. Ninachopinga ni ukali unaoingia filamuni kwa sababu mtu aliogopa hasara ambayo hakuipima.

Usiku ndio unaoifanya hesabu iwe ya fedha. Taa ya tangsteni hutoa lumeni 20 hadi 25 hivi kwa kila wati, na LED nzuri hukaribia au kupita 100. Mwenye taa ya tangsteni ya wati 800 akitaka kufidia stopu tatu kwa nguvu za umeme anahitaji wati 6,400, mzigo ambao jenereta ndogo ya petroli haiubebi. Ile LED yetu ya wati 100 ingehitaji 800. Nje usiku hakuna dari wala ukuta wa kurudisha chochote, kwa hiyo nusu inayorudishwa na fremu wazi inapotelea shambani, na boksi linakuwa na thamani kuliko mahali pengine popote. Lifunge boksi, mwanga wa kitambaa utoke asilimia 50 hadi 83. Lisogeze kutoka mita 3 hadi mita 1.5. Zile luksi 175 zimefika 1,050 hivi, karibu nusu stopu tu chini ya 1,560 za taa tupu tulizoanza nazo, na jenereta haijaongezewa kazi. Katika picha pana boksi litaonekana na itabidi lirudi nyuma, lakini katika picha pana uso ni mdogo na vivuli vyake havisomeki kwa urahisi. Taa tupu iliyoinuliwa juu ya mti inatosha hapo, na kitambaa kingojee mpaka kamera isogee karibu na uso.